Ukuta wa Kinyozi

Kikosi cha zimamoto cha mji ule mdogo kilikuwa na watu ishirini na wawili, magari matatu na ufito mmoja. Ufito ndio uliokuwa mgeni. Mkuu wa kikosi, ambaye hata wauza nyanya sokoni walimwita Mkuu tu, aliuleta asubuhi moja ameubeba begani kama mtu anayekwenda kuangua matunda. Akausimamisha mbele ya zamu ya asubuhi.

“Huu una urefu wa mita tatu kasoro kiganja,” akasema. “Ndio upana wa Bibi pamoja na vioo vyake vya pembeni. Mtaushika mmoja huku, mwingine kule, mpite nao vichochoro vyote ukiwa umelala. Ukipita, gari litapita. Ukikwama, chora alama nyekundu kwenye kilichoukwamisha. Mwenyewe ana siku saba akiondoe.”

Bibi lilikuwa gari kongwe kuliko yote. Lilikuja mtumba kutoka nchi ya mbali, na mlangoni lilikuwa na maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu mjini aliyewahi kuisoma. Askari mmoja aliyeitwa Mrefu alishikilia kwamba yameandikwa “Usisukume”, kwa sababu kila liliposukumwa lilizidi kununa. La pili lilikuwa Pipa, gari la kubebea maji na si zaidi. La tatu, Bwana Harusi, lilikuwa jipya, lenye ngazi inayojikunjua yenyewe. Lilioshwa kila siku, likang'aa kila siku, na siku nne kati ya saba lilikataa kuwaka. Kabla ya hayo yote palikuwa na mkokoteni wenye pampu ya mkono, uliokokotwa na wapagazi wa soko tangu ule mwaka ghala za nafaka zilipoteketea siku mbili mfululizo, mji mzima umeshika ndoo. Mkokoteni huo ulikuwa bado uani kituoni, na Mkuu hakumpokea askari mpya bila kumwamuru aukokote mzunguko mmoja, ajue kwamba kazi ilianzia mgongoni, si kwenye king'ora.

Dereva wa Bibi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyezoea usukani mgumu. Watu walimwita Mama Honi, kwa kuwa hakupita kona yoyote bila kupiga honi, hata kona aliyoiona mpaka mwisho. Miaka kumi na moja aliendesha gari lile na hakuwahi kumkwaruza hata kuku. Siku ile alipewa kopo la rangi nyekundu na brashi, akashika upande mmoja wa ufito. Mrefu akashika wa pili.

Walianzia karibu na soko. Walichora alama kwenye vibaraza, kwenye mapipa, kwenye ngazi ya mlango wa nyumba moja ambayo mwenyewe alitoka na taulo kiunoni akalalamika mpaka taulo likaanza kuteleza, ikabidi arudi ndani. Ilipofika saa sita waliingia kichochoro ambacho Mama Honi alikijua kuliko vyote, kwa sababu kilianza na duka la mume wake, lililopakana na nyumba yao.

Mumewe alikuwa kinyozi, na kila mtu alimwita Kinyozi. Miezi mitano nyuma alisogeza duka lake mbele hatua moja na nusu, apate nafasi ya kiti cha pili na kioo kikubwa cha mita mbili. Ukuta ulipoanza kupanda, Mama Honi alimwambia, “Baba watoto, hapo gari halitapita.” Kinyozi akajibu, “Gari gani tena? Baiskeli zinapita mbili mbili.” Mama Honi akanyamaza. Alikuwa mtu wa kupiga honi kila kona isipokuwa kona ya nyumbani kwake.

Sasa ufito ulikuwa unaufuata ule ukuta, hatua kwa hatua. Ndani ya duka Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja, anapiga mluzi. Mamake mzazi, bibi mwenye masikio mazito ambaye kutwa nzima alikaa kwenye benchi la duka kuwakaribisha watu, aliinua mkono kumsalimu mkwewe. Mama Honi alijibu salamu. Kisha aliinua upande wake wa ufito juu ya kichwa, ukapita umeinama, haukugusa kitu. Mrefu aliangalia angani kama anayetafuta mvua.

Nyumba ya tano kutoka hapo waliukuta ufito umegota kwenye kibaraza cha Fundi Godoro, jirani aliyeshona magodoro ya sponji. Mama Honi alichora alama. Fundi Godoro alisimama mlangoni, nyuzi zimemning'inia kifuani.

“Jirani,” akasema kwa upole, “huu ufito wenu una magoti. Kule kwa Kinyozi nimeuona unapiga goti. Umefika kwangu, umesimama wima kama askari wa gwaride.”

Mama Honi alifunika kopo la rangi. “Kazi tu, jirani.”

“Najua ni kazi,” Fundi Godoro akasema. Na jioni ile ile alikibomoa kibaraza chake mwenyewe, nyundo moja baada ya nyingine, na kila pigo Mama Honi alilisikia jikoni kwake.

*

Siku tano baadaye, saa nne asubuhi, simu ya kituo ililia. Aliyepokea simu alikuwa dada mmoja mwenye sauti kavu isiyobadilika hata dunia ikipinduka, na kwa hiyo aliitwa Sauti. Mara hii ilibadilika.

“Magodoro!” akapaza kwenye kipaza sauti. “Kwa Fundi Godoro! Mama Honi, ni kwenu!”

Bwana Harusi lilikohoa mara tatu likanyamaza. Bibi liliwaka kwa mguno mmoja. Mama Honi akatoka getini, Mrefu kando yake anavaa buti, wenzao watatu nyuma, Pipa likifuata. Moshi waliuona kabla hawajafika sokoni, mweusi, mzito, unapanda kama umetumwa.

Mama Honi alijua kilichokuwa mbele yake. Alijua tangu Sauti aliposema “kwenu”. Katika kile kichochoro nyumba ya moto ilikuwa mbali na kona kwa mita themanini hivi, na mipira ya maji iliyokuwa haivuji ilikuwa mitatu tu, ya mita ishirini kila mmoja. Upande wa juu wa kichochoro kulikuwa na ngazi za mawe. Njia ilikuwa hii moja.

Alifunga breki mbele ya duka la mumewe. Kioo cha pembeni cha Bibi kilikuwa kimeshaugusa ukuta.

Fundi Godoro alikuja anakimbia, nyusi zimeungua. “Baba yangu yuko chumba cha nyuma! Sponji imeziba mlango! Miguu yake mnaijua, hawezi!”

Babake alikuwa mwalimu mstaafu. Nusu ya watu waliokuwa pale, Mama Honi akiwemo, walijifunza kwake kuandika majina yao.

Mrefu na wenzake walikwisha ruka chini na mashoka, wakakimbilia moshini. Mama Honi alitoa kichwa dirishani.

“Baba watoto! Toa watu dukani!”

Kinyozi alikuwa mlangoni, mkasi mkononi. Nyuma yake karani wa posta alisimama na shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado.

“Rudi nyuma, pitia juu!”

“Juu kuna ngazi!”

“Basi vuteni mipira!”

“Haifiki!”

Kinyozi aliutazama ukuta, akatazama kiti cha pili ambacho ngozi yake bado ilikuwa na nailoni ya dukani, akatazama kioo. “Mke wangu,” akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi bali ya mtu anayeomba, “kile kioo ni cha mita mbili.”

Hapo mamake akainuka kwenye benchi. “Mwanangu,” akasema, “kioo hakikohoi. Mwalimu anakohoa. Namsikia kutoka hapa, na masikio yangu mnayajua yalivyo.”

Hakuna aliyejua kama kweli alimsikia. Lakini Kinyozi aliweka mkasi mfukoni. Akamshika karani mkono akamtoa nje, akamtoa mamake, akajaribu kukibandua kioo, hakikubanduka. Akakiacha. Kisha akasimama katikati ya kichochoro, mgongo umeelekea moshi, akainua mikono miwili na kuanza kumwongoza mkewe, kama wanavyoongozwa madereva wanaoegesha.

“Njoo,” akasema. “Njoo. Kata kulia kidogo. Njoo. Hapo hapo. Kanyaga.”

Mama Honi alikanyaga. Ukuta wenyewe haukubisha. Ulikuwa umejengwa kwa saruji ya kuonjesha. Ulilala chali pamoja na mlango, kiti cha pili kikapinduka, na kile kioo kikashuka kwa sauti ndefu, kama sahani za harusi nzima zinaanguka mara moja. Bibi likapanda kifusi, likayumba, likapita. Kupitia vumbi Mama Honi alimwona mumewe anarudi kinyumenyume, bado anapunga mikono, “Njoo, njoo,” mashavu yamelowa.

Maji yalifika. Mama Honi aliruka chini akashika mitambo ya pampu, kwa sababu kwenye Bibi dereva ndiye pia mwenye pampu, na kwa robo saa hakufikiria kitu kingine chochote ila mshale wa kipimo na ishara za mikono. Mpira wa kwanza waliupeleka kwenye mlango, wa pili kwenye paa la jirani lisije likashika. Mrefu na mwenzake walizunguka nyuma, wakang'oa fremu ya dirisha, wakaingia na blanketi lililolowa.

Kisha dirishani likajitokeza godoro, na juu ya godoro Mwalimu amekaa, uso mweusi kama sufuria, anapokelewa na mikono kumi.

“Taratibu!” alikuwa anasema. “Taratibu, mimi si gunia! Miwani yangu iko wapi?”

“Mmepona, mzee?” mwanamke mmoja alipiga kelele, machozi yakimtoka.

“Umepona,” Mwalimu akasahihisha, akikohoa. “Niko mmoja.”

Kichochoro kizima kikaangua kicheko, kile cha watu waliokuwa karibu kulia. Fundi Godoro alicheka na kulia kwa pamoja. Karani wa posta, na kile kichwa chake cha nusu, alimkumbatia mtu asiyemjua.

*

Watu walipokuwa wanakunja mipira, Fundi Godoro alikuja mpaka kwa Kinyozi aliyekuwa amechuchumaa akiokota vipande vya kioo na kuvitia kwenye ndoo. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hasemi kwa kuchagua.

“Jirani, pole kwa duka. Lakini mimi kibaraza changu nilikitoa siku ile ile. Wewe ufito ulikupigia goti. Mwulize mkeo.”

Kinyozi aliinua kichwa. Watu wote waliokuwa karibu wakageuka kuangalia kitu kingine, kila mmoja chake.

Jioni, nyumbani, Kinyozi hakungoja hata Mama Honi avue buti.

“Ulipita hapa na ufito?”

“Nilipita.”

“Ukafanya nini?”

“Niliuinua.”

“Kwa nini?”

“Nilitaka amani ndani ya nyumba.”

Kinyozi alitikisa kichwa taratibu, akatoka uani. Na kuanzia hapo akanuna. Hakuwa mtu wa kufoka. Alinuna kwa utaratibu, kama anavyonyoa, bila kuacha hata unywele. Binti yao, aliyekuwa kidato cha kwanza, akawa ndio posta ya nyumba.

“Baba anasema sabuni imekwisha.”

“Mwambie babako nimesikia, tumekaa meza moja.”

“Baba, mama anasema amesikia.”

“Mwambie mamako nami nimesikia kwamba amesikia.”

Binti alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa, akakimbilia chumbani na mto mdomoni. Bibi yake, ambaye hakusikia hata neno moja, alicheka pia kwa kumfuata.

Nje mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kinyozi aliweka kiti kilichobaki kichochoroni, akatundika kipande cha kioo kwenye msumari, akaendelea na kazi. Lakini mji mdogo hauna siri wala huruma. Vijana walikuja, wanakaa, na uso umekauka wanasema, “Ninyoe kama karani.” Wa kwanza Kinyozi alimnyoa nusu kweli, kwa hasira, naye akalipa kwa furaha na kwenda kujionyesha sokoni. Kufikia mwisho wa wiki mtindo ule ulikuwa na jina: “Bibi Amepita”. Kinyozi alinyoa vichwa saba vya namna hiyo, na kila kimoja kilimchoma.

*

Kituoni, kesho yake baada ya moto, Mkuu alikipanga kikosi kizima mbele ya magari. Alikuwa na karatasi ya ripoti.

“Duka lililobomolewa halikuwa na alama,” akasema. “Nimekwenda kuangalia kwenye kifusi, tofali kwa tofali. Hakuna rangi. Ama ufito mfupi, ama ukuta ulinenepa ndani ya siku tano. Nani alipita pale?”

Mama Honi alitoka mstarini.

“Ni mimi, Mkuu. Niliona, nikauinua ufito. Ni duka la mume wangu.”

“Na upande wa pili wa ufito nilikuwa mimi,” Mrefu akasema, akatoka pia. “Nikaangalia angani.”

“Angani kulikuwa na nini?”

“Hakuna kitu, Mkuu.”

Mkuu alikunja karatasi mara mbili, akaifungua tena. Ilionekana hakupenda alichotaka kusema. “Mama Honi, wewe ndiye dereva bora niliye naye. Kama jana gari lingeendeshwa na mtu mwingine, tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini kama mzee yule angefia mle ndani, ningekuja kwako na karatasi hii hii, na wewe ungejua. Leta ufunguo.”

Mama Honi alitoa ufunguo wa Bibi, pamoja na kamba yake ya viatu iliyoning'inia. Watu ishirini na moja walimwangalia akiutoa. Hakukumbuka kama aliwahi kutembea mbali kama zile hatua nne.

“Utarudi kwenye usukani,” Mkuu akasema, “siku utakapomaliza vichochoro vyote vya mji, upya, kuanzia cha kwanza. Kwa miguu. Mrefu atakusaidia kushika, lakini brashi ni yako. Kwa sasa Bibi litaendeshwa na mwenzako wa zamu ya mchana.”

Mwenzake wa zamu ya mchana, katika dakika yake ya kwanza, alilirudisha Bibi kinyumenyume mpaka kwenye bomba la uani. Maji yakaruka juu kuliko paa. Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Mkuu alipoingia ofisini, na hata hapo walisikia anacheka mwenyewe kupitia dirisha.

*

Asubuhi ya siku ya sita ya ule mnuno, Mama Honi alishtuliwa na nyundo. Alitoka na kanga ya kulalia. Mumewe alikuwa dukani, amevua shati, anaubomoa ukuta wa ubavuni, ule ambao Bibi halikuufikia. Alikuwa amechora mstari kwa chaki chini, pale duka lilipokuwa zamani, na alikuwa analirudisha huko.

Mama Honi alisimama. Akaokota tofali, akaliweka pembeni. Akaokota la pili. Walifanya kazi hivyo muda mrefu, mpaka Kinyozi akatua nyundo.

“Nataka nikwambie kitu,” akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila posta. “Mimi ni kinyozi. Mtu akija ana upara, simwambii ana nywele. Namwambia, ‘Mzee, hapa ni upara, tunyoe kwa kuuheshimu.’ Anakasirika, lakini anarudi.”

“Ndiyo.”

“Wewe uliniona nina upara, ukaniambia nina nywele. Ukanipitisha hivyo hivyo mbele ya watu. Mtaa mzima umeona ila mimi.”

Mama Honi aliangalia chini. “Ungeninunia.”

“Ningekununia! Ningekununia wiki nzima, kwa haki kabisa. Sasa nimekununia siku sita, na nusura jirani azike baba. Kuna faida gani?” Alifuta jasho. “Mke wangu, uwe unanipigia honi. Nitanuna. Wewe piga tu.”

“Basi nianze sasa hivi,” Mama Honi akasema. “Huo mstari wako wa chaki umekwenda mbele kiganja kizima.”

Kinyozi aliinama, akautazama mstari, akamtazama mkewe. Uso ukaanza kununa. Halafu ukashindwa katikati, akacheka mpaka akakaa kwenye kifusi, na mamake kutoka dirishani akauliza kwa sauti kubwa ni nani amekufa.

Saa mbili Fundi Godoro alipita akisukuma toroli, ndani yake Mwalimu amekaa juu ya godoro jipya kama chifu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu moto.

“Kinyozi,” Fundi Godoro akasema, hakumtazama usoni vizuri, “mzee ndevu zake zimeungua upande mmoja.”

“Nasikia ni mtindo,” Mwalimu akasema. “Mimi sitaki mtindo. Nataka pande zote mbili.”

Kinyozi alikung'uta kiti kwa shati lake, kisha yeye na Fundi Godoro wakamwinua Mwalimu wakamkalisha. Alinyoa polepole sana. Alipomaliza, Fundi Godoro aliingiza mkono mfukoni, na Kinyozi akamtazama kwa jicho lililofanya mkono utoke mtupu. Wakapeana mikono hivyo hivyo, mmoja wa nyuzi, mwingine wa povu.

*

Vichochoro vya mji ule ni sabini na vitatu, na hakuna aliyewahi kuvihesabu kabla ya Mama Honi. Alivipita vyote. Siku alizokuwa zamu alikwenda na Mrefu; siku nyingine Kinyozi alifunga duka saa moja mapema akaja kumshikia upande wa pili na kumbebea kopo la rangi, na pale wenye nyumba walipofoka yeye ndiye aliyesogea mbele. “Ndugu yangu,” alikuwa akiwaambia, “mimi ndiye yule wa kioo. Tuongee.” Wengi waliishia kucheka. Mmoja alimmwagia maji ya kufulia, Kinyozi akamshukuru kwamba hayakuwa ya moto.

Wiki ya tano walibakiwa na vichache vya kule kilimani, kwenye nyumba zenye maua. Mama Honi na Mrefu walipandisha na ufito wao asubuhi, wanapumua kama Bibi lenyewe. Kichochoro cha mwisho kabisa kilikuwa safi, kimefagiliwa, kila ukuta umenyooka, ila mmoja. Mbele ya geti la bluu mtu alikuwa amejenga kiukuta cha kupandia maua, kizuri, cha mawe ya kuchongwa. Ufito ukagota.

Mrefu aliliangalia geti.

“Dada,” akanong'ona, “unajua hapa ni kwa nani?”

“Najua.”

“Tu... tuuinue kidogo?”

“Shika sawasawa, Mrefu. Usitazame juu.”

Ufito haukupita. Wakajaribu mara ya pili, kwa uaminifu, kuanzia upande wa pili. Haukupita. Mama Honi alichovya brashi. Alikuwa amevuta mstari wa kwanza wa alama wakati geti lilipofunguka, na mke wa Mkuu akatoka na chombo cha kumwagilia maua mkononi.

“Mama Honi! Karibu. Unafanya nini?”

“Habari za asubuhi, mama. Nachora.”

Mke wa Mkuu aliutazama mstari mwekundu unaotiririka juu ya mawe yake. “Mkuu anajua?”

“Atajua akirudi, mama,” Mama Honi akasema, akavuta mstari wa pili.

Kesho yake asubuhi zamu ilipangwa mapema kuliko kawaida. Mkuu alitoka ofisini. Shati lake, ambalo siku zote lilipigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, lilikuwa na mikunjo kama lililolaliwa. Alipita mbele ya mstari mara moja kwenda, mara moja kurudi.

“Sabini na vitatu?” Mkuu akauliza.

“Sabini na vitatu, Mkuu,” Mama Honi akasema.

“Hakuna ulichoruka?”

“Hakuna, Mkuu.”

Mkuu aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo wenye kamba ya kiatu, akampa. Kucha zake zilikuwa na udongo, na kidole gumba kilikuwa na lengelenge jipya, la mtu asiyezoea nyundo. Alisogea karibu, akashusha sauti ili wengine wasisikie, na wote wakasikia.

“Yule mumeo,” akasema, “alinuna siku ngapi?”

“Sita, Mkuu.”

“Sita!” Mkuu akavua kofia, akajikuna kichwa, akaangalia kule kilimani. “Na sisi leo ndiyo ya kwanza.”